Kompyuta ikigoma kuwaka, mtoto asiwe mshukiwa wa kwanza

Ni saa nne usiku. Binti wa mwaka wa pili chuoni yuko nyumbani likizo, na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inatakiwa Jumatatu. Anawasha kompyuta mpakato. Nembo inatokea, vidoti vinazunguka, kioo kinakuwa cheusi, kisha nembo inatokea tena. Mara ya tano anaita: "Mama, kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe."

Jibu linajulikana katika nyumba nyingi: "Ulikuwa unabonyeza nini? Hizo sinema zako ndizo zimeiharibu."

Swali hilo halitengenezi kitu, ila linamfundisha mtoto kunyamaza. Safari nyingine ataipeleka kwa fundi kimyakimya. Fundi ataifomati, nayo itawaka vizuri ikiwa tupu. Ripoti itakuwa imekwenda, pamoja na picha za harusi ya shangazi.

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike lilizifanya kompyuta za Windows katika nchi nyingi zijizime na kujiwasha bila kufika popote. Microsoft ilikadiria kuwa ziliathirika kompyuta milioni 8.5. Safari za ndege zilifutwa na hospitali zikakwama, wakati waliokuwa wakizitumia kompyuta hizo hawakubonyeza chochote kibaya.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe hili: "Humo ndani kuna nini ambacho hakipo mahali pengine?" Jibu lake ndilo litakaloamua nini kifanyike na nini kisiguswe.

Baada ya hapo, mzazi na mtoto waanze na mambo madogo. Wachomoe flashi, mausi na printa, kwani hata flashi iliyosahauliwa inaweza kuizuia kompyuta kuwaka. Waizime, wachomoe chaja na betri kama ni ya kutoka, wabonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika bila kukiachia, kisha warudishe umeme na kujaribu tena. Waiguse chini na kusikiliza feni. Kompyuta iliyojaa vumbi hupata joto, na ikizidiwa hujizima.

Kisha waangalie inajizima wakati gani. Ikijizima kabla hata ya nembo, shaka iende kwenye kifaa chenyewe: umeme, joto au memori iliyolegea. Hiyo ni kazi ya fundi. Ikifika kwenye vidoti vya Windows ndipo ikageuka, shaka iende kwenye programu, sasisho la karibuni au diski.

Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo wachague "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Ndani yake kuna "Startup Settings": wakibonyeza "Restart" halafu namba 4, kompyuta hujaribu kuwaka ikiwa na programu chache za lazima tu. Ikikubali, wanakili ripoti kwenye flashi kabla ya jambo lingine lolote. Matengenezo yasubiri. Mafaili yakishakuwa salama, warudi kwenye ukurasa uleule na kujaribu kuondoa sasisho la mwisho kupitia "Uninstall Updates".

Kompyuta nyingine zitadai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na unaweza kutafutwa kwa simu. Palipoandikwa "Remove everything" pasiguswe, maana hapo ndipo kila kitu hufutwa.

Yote yakishindikana, mzazi aongozane na mtoto hadi kwa fundi na aseme mapema, kabla ya bei: "Usifomati mpaka umenitolea mafaili." Katika kompyuta nyingi diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, wasiendelee kuiwasha, kwa sababu kila jaribio linaweza kuongeza hasara.

Yule mama, akivuta kiti na kuketi kando ya binti yake, huenda asijue hata kitufe kimoja. Lakini binti atatulia, atakumbuka ni lini tatizo lilianza, na hatabonyeza kwa hofu kitu cha kufuta kila kitu.

Ripoti ikishaokolewa, nyumba ijiwekee utaratibu: kila Jumapili jioni, kazi za wiki zinakiliwe kwenye flashi inayokaa kabatini, au mtoto ajitumie kwa barua pepe. Ni dakika chache tu, na siku kompyuta ikigoma tena, kitakachotafutwa ni fundi, si mkosaji.