Mtoto wa Dodoma Kazama Kweli

Wazee wetu husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, eti tembo alikwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope. Basi juzi na mimi nimezama, tena mbali na tope la tembo. Nimezama Bahari ya Hindi! Mimi, mtoto wa Chang'ombe (ya Dodoma, siyo ya Dar), ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera.

Chanzo ni treni. Tangu treni ya umeme ianze kufika kwetu mwaka 2024, kisingizio cha umbali kimekufa. Mimi na mshikaji wangu tukateremka Dar, asubuhi tukadaka daladala hadi Kunduchi, tukapanda boti kwenda kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi tangu mwaka 1975. Tukakodi miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Kuogelea sijui, kwa hiyo nilivaa jaketi la kuelea na kumganda nahodha kama kupe.

Jamani, huko chini kuna mji! Wa kwanza kumwona ni pono, samaki mwenye rangi za khanga na mdomo kama wa kasuku. Kazi yake ni kukwangua mwamba kra-kra-kra, unamsikia kabisa. Mawe anayotafuna hutoka nyuma yakiwa mchanga mweupe. Kwa hiyo wewe unayejilaza ufukweni na mchumba wako mkipiga picha, jua mchanga mwingine hapo ni choo cha pono.

Kisha nikaonyeshwa wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanaolala katikati ya mikono yenye sumu ya mnyama anayefanana na ua. Wao haiwadhuru. Kubwa kuliko ni mambo ya nyumbani kwao: bosi ni jike. Jike akifa, dume mkubwa anageuka jike na kushika madaraka. Usicheke, kwao huo ndio utaratibu.

Pweza je? Ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na hubadili rangi upesi kuliko mwanasiasa wakati wa uchaguzi. Nilimtazama muda mzima nikidhani ni jiwe.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilichoka, miguu ikatafuta pa kukanyaga, nikasimama juu ya kitu nilichodhani ni mwamba. Kikalia ko! Nahodha, mzee wa makamo, akafoka, "Shuka hapo, mwanangu! Umekanyaga kiumbe hai!"

Nilipopanda botini alinieleza taratibu. Tumbawe siyo jiwe. Ni maelfu ya wanyama wadogo wanaojenga nyumba moja ya chokaa, na ndani ya miili yao kuna mwani mdogo unaowalisha. Yale ya duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. "Hicho kipande ulichovunja," akasema, "huenda kilianza kabla hujazaliwa." Nikanyamaza. Ningefanya nini? Tumbawe halina plasta wala gundi.

Na siyo mguu wangu tu. Kwa miaka mingi watu walivua kwa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki na kubomoa nyumba yao pia. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe hutema ule mwani, likabaki jeupe kama mfupa. Ilitokea mwaka 1998, ikarudi 2016. Samaki wengi wa pwani wanategemea nyumba hizo, na wavuvi wanawategemea samaki hao.

Sasa nawapa darasa la bure. Moja, ukichoka elea chali au shika boti, usisimame. Mbili, usiokote kombe wala kiti cha pweza kumpelekea mtu zawadi. Mpelekee zabibu za kwetu. Tatu, vaa viatu vya maji, maana kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, miiba yake ina sumu kali. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha kimbilia hospitali.

Mwenye mfuko mnene aende Mafia, kati ya Oktoba na Machi. Huko yupo papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, kupita urefu wa basi dogo, lakini chakula chake ni vijidudu vya majini. Hang'ati mtu.

Mimi nimeanza kudunduliza. Kabla ya hapo najifunza kuogelea, ili safari ijayo miguu yangu isitafute pa kukanyaga. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.