Nani Kashika Kadi Yako?

Kama umechacha, vumilia kidogo, mwisho wa mwezi hauko mbali. Na kwa kuwa mwisho wa mwezi wenyewe ndio huo unanukia, wiki hii twende tukapange foleni kwenye mashine ya ATM, tupige stori mbili tatu wakati tunasubiri zamu.

Kuna washikaji wanaosema eti mashine hizi siku si nyingi zitapelekwa makumbusho. Wana sababu zao. Tangu M-Pesa ianze kule Kenya mwaka 2007, na kuingia kwetu Bongo mwaka 2008, simu imegeuka pochi. Unanunua luku ukiwa umejilaza kitandani, unalipia king'amuzi, unamtumia bi mkubwa hela ya matumizi kijijini kabla chai haijapoa. Siku hizi hata muuza chipsi kabandika Lipa Namba kwenye kabati lake la vioo. Sawa, tumekubali.

Lakini hebu pita tarehe za mshahara pale Mwenge, Kariakoo au Mbagala Rangi Tatu. Foleni imepinda mpaka barabarani! Wote waliomo wana simu mkononi, tena wengine simu za maana, na wote wamefuata noti. Kulikoni?

Kwanza kuna konda wa daladala. Mwambie, "Nikurushie kwenye simu," halafu usikilize atakachokujibu mbele ya abiria wenzako. Fundi viatu, hela ya mchezo wa akina dada na mama ntilie wa mtaani, wengi bado wanataka kitu mkononi. Pili ni makato. Pesa ukiituma inakatwa, aliyetumiwa akienda kuitoa inakatwa tena. Mnakumbuka Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza? Zilipigwa kelele mpaka serikali ikaipunguza mwaka huohuo. Noti haikatwi ikihama mfuko. Tatu, noti inakushtua mapema. Uliyetoka na elfu kumi ukiona imebaki elfu mbili, unarudi nyumbani mwenyewe bila kufukuzwa. Kwenye simu unashtuka salio limeshakauka.

Ya nne ndiyo wengi hatuisemi kwa sauti: siri. Wakala wa mtaani kwako anakufahamu, na kijiweni kwake watu hawaishi. Ukitoa laki mbili pale, kabla hujafika nyumbani shemeji keshajua na mzinga unakusubiri mlangoni. Mashine haina mdomo. Haikuulizi unazipeleka wapi, wala haimjui shangazi yako.

Na siri hiyo ina historia yake. Barclays walifungua mashine yao ya kwanza pale Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, na mwigizaji Reg Varney ndiye aliyeitwa kuizindua. Mtu aliyeibuni, John Shepherd-Barron, alisimulia kwamba mwanzoni aliwaza namba ya siri ya tarakimu sita. Mkewe, wakiwa jikoni, akamwambia yeye anaweza kukariri nne tu. Basi zikawa nne, na ndizo unazobonyeza mpaka leo. Namba ilikatwa ili ikae vizuri kichwani mwa mwenyewe, isihitaji kuandikwa popote.

Sasa mtazame yule jamaa aliye mbele yetu kwenye foleni. Kavaa kofia, ana kibegi kiunoni na daftari dogo mkononi. Zamu yake imefika. Anatoa kadi, siyo moja, ni lundo zima limefungwa kwa mpira kama karata! Anachomeka ya kwanza, anatazama daftari, anabonyeza, anachukua hela. Anachomeka ya pili. Ya tatu. Watu wa nyuma wanaguna kwamba mashine itaisha hela. Jamaa hana habari, yuko kazini.

Kadi zile si zake. Ni za walimu, wauguzi, walinzi na wastaafu waliokopa kwake. Huyo ndiye kausha damu mwenyewe, na daftari lile ndilo lenye namba za siri.

Mchezo unakwenda hivi. Mtoto anaumwa au ada inadaiwa, na hela hakuna. Unakimbilia kwake, anakupa siku hiyohiyo bila maswali mengi. Dhamana ni kadi yako na zile tarakimu nne. Mshahara ukiingia, wa kwanza kufika kwenye mashine ni yeye. Anachukua chake na riba yake, unapewa kilichobaki, kama kimebaki. Kwa kuwa hakitoshi kufikisha mwezi, unarudi kwake kukopa tena. Mwisho wa siku unafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwenye kibegi.

Sheria ipo. Tangu ile ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Ila wengi wanaobanwa hawasemi, kwa sababu ya aibu. Mwalimu mzima ataanzaje kumwambia mwanawe kwamba kadi yake iko kwa mtu wa mtaa wa pili?

Wewe braza meni na wewe sista duu mnaocheka hapo mkidhani hayo ni mambo ya wazee, ngojeni kwanza. Zile programu za mikopo kwenye simu mnazijua. Umebonyeza "kubali" bila kusoma, kumbe umewafungulia majina yote uliyohifadhi. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa bosi, kwa mchungaji na kwa mama mkwe mtarajiwa kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kausha damu ni yuleyule, kabadilisha nguo tu.

Kwa hiyo wanaobishana kama noti itakufa au haitakufa, mimi nawaachia ubishi wao. Iwe kadi, iwe simu, cha kujiuliza ni nani mwingine anayejua namba yako ya siri.

Kama kadi yako iko kwa mtu, nenda benki yako ukiwa na kitambulisho, uombe ile ya zamani ifungwe upewe mpya yenye namba mpya. Deni bado ni deni na utalilipa, lakini utalilipa kwa mkono wako, ukishanunua unga.

Na mwisho wa mwezi huu, kabla hujampigia mzee au bi mkubwa kumuuliza kama pensheni imeingia, muulize kwanza kadi yake iko wapi. Akianza kubadilisha mada, usimfokee. Mfuate nyumbani, mkae chini, mwongee taratibu.

Kwa leo naweka kalamu chini. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.