Aliyezaliwa Mzima Hakurogwa: Majibu kwa Wanaokosea kuhusu Selimundu

Butula iko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria hukaa mwaka mzima na selimundu, au sikoseli, imeingia koo nyingi. Kuna maneno yanayorudiwa misibani na kwenye foleni za zahanati, na yanagharimu maisha ya watoto. Nayajibu moja baada ya jingine.

"Alizaliwa mzima, kwa hiyo huu ni mkono wa mtu."
Ni kweli alizaliwa bila dalili. Tumboni alitumia himoglobini ya mimba, ambayo kasoro ya selimundu haiigusi. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima jeni yake: chapa za methili hubandikwa kwenye DNA, na protini iitwayo BCL11A huizuia isisomwe. Himoglobini ya ukubwani inaposhika zamu, kufikia miezi 6 hivi, ndipo mikono na miguu huvimba na macho kuwa ya manjano. Kuwasha na kuzima jeni bila kubadili herufi zake ndiko kunakoitwa epijenetiki. Jirani hana hatia.

"Imetoka kwa mama."
Mtoto mgonjwa amerithi nakala moja ya jeni yenye kasoro kwa mama na nyingine kwa baba. Wenye nakala moja kwa kawaida hawaugui, ndiyo maana hawajijui. Wakikutana wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kumrudisha mke kwao kwa sababu hii ni dhuluma. Wapimwe wote wawili.

"Mwenye selimundu haugui malaria."
Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wake Afrika Mashariki, kwamba nakala moja hukinga dhidi ya malaria. Mwenye nakala mbili, malaria humuua kwa urahisi. Alale ndani ya neti na anywe dawa ya kinga aliyoandikiwa.

"Ukizaliwa nayo, hakuna dawa."
Jeni ya himoglobini ya mimba iliyozimwa bado ipo, na inaweza kuamshwa. Haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, huongeza himoglobini ya mimba. Jaribio la REACH liliwapa dawa hiyo watoto zaidi ya 600 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2018: ikilinganishwa na kabla ya dawa, maumivu na malaria vilipungua kwa nusu hivi, na vifo vikapungua zaidi ya hapo.

"Basi kidonge kinaponya."
Hakiponyi. Kasoro inabaki ndani ya jeni, na mgonjwa akiacha dawa, himoglobini hiyo hushuka tena. Damu yake ipimwe mara kwa mara ili kipimo cha dawa kisimdhuru.

Ndiyo maana mtoto apimwe akingali mchanga, kabla himoglobini ya mimba haijaisha, na dawa ipatikane kwenye zahanati iliyo karibu na kwao. Mzazi wa Butula ana haki ya kudai yote mawili.