Tushike risasi ya uzito mmoja

Ndugu wanachama, askari wetu wa kijiji wanafukuza nyati na tembo mashambani, huku jirani na Pori la Akiba Rungwa, kwa bunduki ya .375 isiyo na darubini. Wako wanaosema, "Risasi ni risasi tu." Si kweli hata kidogo! Alama za kulengea hurekebishwa kwa risasi ya uzito mmoja. Ukibadili uzito, inapiga juu au chini. Nyati akijeruhiwa, anayeumia ni mkulima.

Maoni yangu: tushike greni 300, yaani gramu 19 na ushei, tuache ya 270. Porini hapa hupigwa karibu, na nzito hupenya zaidi. Kwanza zijaribiwe kwenye shabaha, mita 50. Mkoba mmoja, risasi aina moja!