Siku Moja ya Kupumzika Ziwani

Akina mama wenzangu, neno "likizo" kwa wengi wetu ni la watoto wa shule na watu wa ofisini. Mkulima wa alizeti, mama wa nyumbani, hata muuguzi anayetoka zamu ya usiku, likizo yake huishia jikoni.

Kliniki tunawaona wengi wanaolalamika kichwa, mgongo na kukosa usingizi. Wengine wanahitaji kupimwa shinikizo la damu na kutibiwa. Nisiwadanganye kwamba matembezi ni dawa yao. Lakini wako ambao ukiwauliza, "Ni lini ulikaa kitako na mumeo mkazungumza jambo lisilo la ada wala unga?" hucheka kidogo, kisha hunyamaza.

Si lazima kwenda Tanga au Bagamoyo. Mji wetu wa Singida una maziwa mawili ya chumvi kando yake, Singidani na Kindai. Maji ya mvua huingia, hayana mahali pa kutokea. Jua huyakausha na chumvi hubaki. Kuna mawe makubwa ya kukalia, na msimu ukiwa mzuri mtawaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Waambieni watoto wawatazame kwa mbali bila kuwarushia mawe.

Pangeni wawili
Zungumza na baba watoto mapema, wiki mbili au tatu kabla, wala si asubuhi ya safari. Chagueni siku ya kiangazi, kwani mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Juni na Julai kuna baridi na upepo, bebeni masweta. Tengeni nauli kidogo kidogo. Bibi akienda nanyi, dawa zake zisisahaulike.

Mapumziko yasiwe kazi mpya
Mama akiamka saa kumi usiku kukaanga na kupika pilau, atarudi amechoka kuliko alivyotoka. Isitoshe, wali na nyama vikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili huweza kuwaharisha. Karanga, maandazi, ndizi na machungwa vinatosha. Kijana wa kiume abebe maji, binti afungashe matunda, baba abebe mkeka. Maji ya ziwa hayanyweki. Chemsheni ya kunywa usiku wake, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Kofia au kanga ya kichwani ni muhimu, maana upepo wa ziwani huficha ukali wa jua.

Watoto na maji
Hapa naomba msikilize vizuri. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hushuka kimya, watu wazima wakiwa hatua chache tu wanazungumza. Tukisema "sote tunawaangalia", hakuna anayeangalia. Taja jina: sasa ni zamu ya baba, baadaye ya mama. Mwenye zamu hasomi gazeti wala hashiki simu, na mtoto mdogo asimwache mbali zaidi ya urefu wa mkono.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini. Mlazeni chali, inueni kidevu chake, mbaneni pua na mpulizieni pumzi 5 mdomoni. Kisha kandamizeni katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mkirudia hivyo huku mwingine akiita msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Saa moja ya wawili
Watoto wakishachoka kucheza, dada mkubwa au shangazi awakusanye kwenye mkeka, nanyi wawili mtembee kidogo ufukweni. Deni na karo viacheni nyumbani, mtavikuta. Mwulize mwenzio anachokitamani mwaka huu, halafu msikilize hadi amalize. Katika Marko 6:31-32 Bwana Yesu aliwaita wanafunzi waliokosa hata nafasi ya kula waende kando wapumzike, na wakaondoka kwa mashua. Mama anayejitenga na masufuria kwa siku moja hajawa mvivu.

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, chukueni kalenda ya ukutani mtie alama siku yenu. Safari njema, na Mungu awalinde mwende na mrudi salama.