Kabla ya Kuuza Soya Yote, Tufikiri Chai ya Asubuhi



Mwezi wa tano nilifika kwa koperative moja, si mbali na Kolwezi, kupima mavuno ya soya. Mavuno yalikuwa mazuri. Mnunuzi alikuwa amekwisha kufika na gari yake, na mbele ya saa sita soya yote iliuzwa. Pale pembeni watoto wa nyumba walikuwa wanakunywa chai na biskuti za paketi, zenye kutoka inchi za nje. Paketi moja, watoto wanne. Mama yao akaniambia: "Agronomu, hiyo ndiyo chakula yao mpaka bukari ya magaribi." Niliandika kilo zangu kwenye daftari, lakini ile neno ilinibakia rohoni.

Mawazo yangu ni haya: tunauza chakula chenye nguvu, kisha tunanunua sukari na unga mweupe. Hiyo si biashara, ni hasara.

Tuangalie vizuri. Mahindi peke yake hayatoshi kumjenga mtoto, juu yanakosa lisini, sehemu moja ya protini. Soya inayo kwa wingi. Ukichanganya zote mbili, moja inajaza upungufu wa nyingine. Karanga inaongeza mafuta na nguvu. Ndizi iliyoiva inaleta utamu na inashikamanisha unga, hata bila yai, bila maziwa, bila sukari.

Namna ya kupika ni hii. Chagua soya, osha, kausha, kisha kaanga mpaka inukie na rangi ibadilike. Usiruke hapo: soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na inaleta ile harufu watoto wanakataa. Twanga au peleka kwenye mashini. Chukua glasi 2 za unga wa mahindi, glasi 1 ya unga wa soya, nusu glasi ya karanga ya kusaga, ndizi 4 zilizoiva na chumvi kidogo. Ponda, changanya, ongeza maji kidogo kama unga ni mgumu. Ndizi zikikosekana, viazi vitamu vya kuchemsha vinafaa. Vile vya rangi ya machungwa vinaleta na vitamini A.

Hakuna foro? Tia mchanga mkavu ndani ya nyungu kubwa, weka juu ya mbabula, ingiza sahani ya chuma yenye biskuti nyembamba, funika, weka makala machache juu ya kifuniko. Zikikauka na kuwa na rangi ya kahawia, toa.

Angalisho mbili. Karanga yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Sumu yake haiishi kwa moto. Na usianike mazao kando ya barabara kubwa, kwenye vumbi la malori ya machimbo.

Wengine watasema: makala ni bei. Ni kweli. Kwa hiyo pika mara mbili kwa juma, kwa moto unaobaki kisha bukari, na uweke ndani ya kopo lenye kufungwa. Wengine watasema: mtoto anahitaji samaki na yai. Hiyo pia ni kweli. Biskuti haiondoi samaki, inaondoa njaa ya asubuhi. Na mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu.

Wazee wetu wa Gécamines walipewa unga na kampuni. Siku kampuni ilipoanguka, mfuko nao ulikatika. Leo tunaangalia malori yenye kutoka Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, na kwetu huku tulisikia bei. Mwenye kungojea mfuko wa mtu mwingine analala na wasiwasi.

Tupige hesabu. Glasi ya unga wa soya ni karibu gramu 120. Mara mbili kwa juma, mwaka mzima, ni kama kilo 12 au 13. Basi naomba mkutano wenu ujao ukate neno moja: kila nyumba ibakishe kilo 15 mbele ya mnunuzi kufungua mizani yake. Ile inayobaki, muuze kwa bei nzuri. Mtoto anayeenda masomo na tumbo tupu hasikii mwalimu, hata kama baba yake amevuna tani.