WAKILI WA MAKAMPUNI NA WATU WA MBUCHI

Imekuwa desturi ya wakubwa, kila wanapotaka tumkubali mtu bila maswali, kutusomea sifa zake za kazi. Huyu, wanasema, ni mwanasheria wa makampuni na wa haki miliki: ana shahada, amepita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ameapishwa mbele ya Jaji Mkuu, amesajili alama za biashara na hataza zisizo na idadi. Sifa hizo hatuzikatai. Lakini orodha yao haisemi kalamu hiyo ilikuwa ikimwandikia nani.

Wasomaji wetu wa kisiwani wanaovuka kwenda Nyamisati wanawajua watu wa delta. Mbuchi ni wavuvi, wakulima wa mpunga na wakata boriti, wanaoishi ndani ya msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, usio na mfano katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliukubali mradi wa African Fishing Company wa kuchimba mabwawa ya kamba katika hekta zipatazo 10,000 za delta hiyo, na hali Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilikuwa limeshauri ukataliwe. Kampuni haikosi mwanasheria. Mvuvi ana wavu tu. Hata hivyo wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu, wakisaidiwa na mawakili wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira kilichoanzishwa mwaka 1994. Mradi ule ulikufa, na mikoko ingali imesimama. Mawakili wale nao walisoma sheria ile ile.

Tutaambiwa kwamba tunawachukia wasomi. Huo ni uzushi mtupu! Sisi tunalalamika kwamba elimu hiyo haifiki kwetu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili huko neno «kikoy» liwe alama yake ya biashara. Kikoi, vazi la babu zetu! Pingamizi liliwekwa kutoka Kenya, na maombi yale yakaanguka. Pingamizi la namna hiyo huandikwa na mjuzi wa alama za biashara, si na mpiga kelele wa barazani. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria ya mwaka 2008 inayolinda hata jina la mahali bidhaa inapotoka. Je, nani amekwenda Mbuchi kuwaeleza wavuvi kwamba jina la kamba wa Rufiji laweza kuwa mali?

Na sasa wanunuzi wa hewa ya ukaa wanaizunguka misitu ya nchi hii wakiwa na mikataba mkobani. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Mkataba wa Kiingereza, uliofafanuliwa kwa mdomo na yule yule anayetaka sahihi, ni mtego.

Kwa hiyo tunadai: kila mkataba utakaogusa mikoko, kamba au hewa ya delta usomwe wote kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, pale pale Mbuchi, na wanakijiji wawe na wakili wao, mjuzi wa makampuni, waliyemchagua wenyewe, na gharama yake isitoke mfukoni mwa mvuvi.